Betri imevuja ndani ya kompyuta ya mjomba (386), naomba mwongozo kabla sijaharibu zaidi

#1 Binti Mikindani

Wakuu habari za jioni. Niko Mikindani, Mtwara. Naomba mnisomee mpaka mwisho, najua ni ndefu.

Mjomba wangu alikuwa karani wa chama cha msingi huku kwetu. Ofisi ilipobadilisha mashine, aliinunua ile ya zamani, ni 386 (kompyuta yenye prosesa ya 80386), na kuanzia hapo akawa anaweka humo kumbukumbu za shamba lake la korosho. Si kumbukumbu za juu juu. Kila mti ana namba yake na mstari wake: lini ulipuliziwa salfa, ugonjwa wa ubwiri unga ulishika au haukushika, umetoa kilo ngapi. Sasa macho yamepungua nguvu na anataka kutugawia shamba sisi wapwa zake akiwa bado hai. Anasema mti gani unazaa na upi ni kivuli tu, jibu limo ndani ya ile mashine, na hataki kugawa kwa kukisia halafu tuje kugombana yeye akiwa hayupo.

Mashine imekaa stoo tangu kama 2006, imefunikwa kanga, dirisha linatazama bahari. Leo nimefungua kasha. Karibu na tundu la kibodi kuna kitu kama kibomba kidogo cha bluu chenye vidonge vitatu ndani, kimeandikwa 3.6V. Ncha zake zimeota unga mweupe kama chumvi ya kwenye mabwawa ya chumvi, na chini yake mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) imegeuka kijani, ile kijani ya sufuria ya shaba iliyosahaulika. Kijani hicho kimetambaa mpaka kwenye chipu ya jirani.

Sijawasha. Maswali yangu: betri kama hiyo naipata wapi Mtwara mjini? Na je, nikishaibadilisha tu inatosha?

Kitu kingine, sijui kama kina maana: ndani ya mfuniko mjomba amebandika karatasi yenye mwandiko wake, namba tatu tu: 1001 15 17. Nimemuuliza, anasema ni "namba za asubuhi", hakumbuki zaidi.

#2 Mtambo wa Zamani

Dada, umefanya la maana sana kutowasha. Usiwashe mpaka hapa tukubaliane.

Kabla hujatafuta betri mpya, ikate hiyo leo. Usisubiri kesho wala mzigo kutoka Kariakoo. Hiyo ni betri ya nikeli na kadimiamu, na kinachotoka ndani yake ni haidroksaidi ya potasiamu. Haikai sehemu moja. Inatambaa juu ya shaba, inapita chini ya rangi ya kijani ya mazabodi, inapanda kwenye miguu ya chipu, na inaendelea kula hata kompyuta ikiwa imezimwa miaka kumi. Watu wengi wanadhani mashine iliyofungiwa stoo imesalimika. Kwa betri hizi, stoo ndiyo inayoziua, kwa sababu kompyuta ikitumika kila siku betri inachajiwa kidogo kidogo, ikiachwa inaisha kabisa, inazeeka na mihuri yake inaachia.

Namna ya kukata: vaa glavu na miwani yoyote, hata ya jua. Chukua plaiz ya kukatia, kata mguu mmoja kwanza, halafu mwingine. Usiikate yote miwili kwa mpigo, kama ina chaji iliyobaki utapiga shoti. Usiing'oe kwa kuizungusha, utanyofoa na njia za shaba chini yake. Ukigusa ule unga na ngozi ikaanza kuteleza kama sabuni, osha kwa maji mengi papo hapo.

Betri yenyewe tia kwenye chupa yenye mfuniko, weka mbali na watoto. Kadimiamu ni sumu. Usiichome na takataka, na usiifukie shambani.

Ukimaliza rudi hapa.

#3 Kaka wa Chuno

Pole sana dada. Mimi niko Chuno, nina uzoefu wa betri za magari. Ukishaikata, koroga magadi na maji ya vuguvugu, mwagia pale palipoota, sugua kwa mswaki. Asidi yote inakufa. Nimefanya kwenye vichwa vya betri za pikipiki na magari miaka mingi.

#4 Mtambo wa Zamani

Kaka wa Chuno, kwa gari uko sawa kabisa, ila hapa hapana. Betri ya gari ni ya asidi, ndiyo maana magadi yanaituliza. Hii si asidi, ni kinyume chake. Haidroksaidi ya potasiamu iko upande uleule wa magadi. Ukiweka magadi hapo ni kama kuosha masizi kwa mkaa.

Hii inatulizwa na asidi nyepesi. Siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, inatosha. Ukikosa siki, maji ya limau yaliyochujwa yasibaki nyama. Chovya pamba ya masikio, weka pale penye unga, utaona povu. Ule unga mweupe ni potashi iliyokwisha kukutana na hewa ikawa kaboneti, ndiyo inayotoa povu. Likiisha povu, weka tena. Ukiona haitoi kitu, hapo pametulia.

Siki nayo ni asidi, haitakiwi kubaki. Suuza kwa maji yasiyo na madini, halafu malizia na spiriti ya duka la dawa ili iyavute maji yote.

#5 Kaka wa Chuno

Nimekuelewa mkuu, na nashukuru, maana ningemharibia dada wa watu. Nimejifunza leo.

Niongeze moja la huku kwetu: maji yasiyo na madini yanauzwa vituo vya mafuta kwa jina la "maji ya betri". Lakini duka jingine ukisema maji ya betri unapewa asidi. Dada, mwambie muuzaji unataka yale ya kuongezea, si ya kujazia betri mpya, na usome chupa kabla ya kulipa.

#6 Mama wa Ndoro

Wanangu, mimi ni mama mtu mzima, niko Lindi mjini, nilikuwa mpiga chapa. Nimesoma uzi huu nikakumbuka mbali.

Nyie vijana hamjui mashine kama hiyo ilikuwa nini. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na sisi wa kusini tulikaa na taipureta muda mrefu hata baada ya mlango kufunguliwa. Ya kwanza kuiona mimi ililetwa kwa barabara, enzi hizo hakuna daraja la Mkapa, gari linasubiri kivuko pale Ndundu, masika likikwama linakwama. Ilifika imefungwa magodoro mawili. Tulivua viatu kuingia chumba chake.

Binti, hizo "namba za asubuhi" za mjomba wako nazijua. Kompyuta yetu ilipoanza kuzeeka, kila asubuhi ilikuwa ikiamka imesahau kila kitu. Saa imesahau, diski imesahau. Mkubwa wetu alikuwa na karatasi kama hiyo mezani, anaingiza namba ndipo mashine inaendelea. Usiitupe hiyo karatasi.

#7 Mtambo wa Zamani

Shikamoo mama. Umetoboa kitu ambacho mimi nilikisoma bila kukiona.

Kwa wanaofuatilia: tangu IBM PC/AT ya 1984, saa ya kompyuta na mipangilio yake viliwekwa kwenye chipu moja, MC146818 ya Motorola, na wengine wakaiga. Kumbukumbu yake ni baiti 64 tu, 14 za saa na 50 za mipangilio. Betri kazi yake ni kuiweka hai chipu hiyo kompyuta ikizimwa. Katika hizo baiti 50 ndimo inamoandikwa diski ni ya aina gani, kwa sababu 386 nyingi haziwezi kuiuliza diski zenyewe. Betri ikifa, mashine haijui tena kama ina diski.

1001 15 17 ni namna diski ilivyogawanywa: silinda 1001, vichwa 15, sekta 17. Zidisha zote, zidisha na baiti 512 za kila sekta, unapata kama milioni 130. Dada, tazama kibandiko cha diski, nadhani utakuta ni ya megabaiti 130.

#8 Binti Mikindani

Shikamoo Mama wa Ndoro. Nimemsomea mjomba ulichoandika, amenyamaza kidogo, akasema, "Mwambie ni kweli, nilikuwa naziingiza kila siku, nikadhani ni uzee wa mashine."

Kibandiko kinasema Seagate ST3144A. Naamini ndiyo hiyo.

Betri nimekata. Mguu wa kwanza ulikatika kwa plaiz, wa pili haukuhitaji hata plaiz, ulikuwa umeliwa ukabaki unga, ukavunjika nilipougusa. Iko kwenye chupa ya jamu juu ya kabati. Siki nanunua kesho.

#9 Mita Mkononi

Nafuatilia. Mimi ushauri wangu usihangaike na betri ya kibomba, hazifai kurudishwa hata ukizipata. Chukua CR2032, ile ya mviringo ya volti 3, zipo kila duka la saa, na kishikio chake. Lehemu waya mbili pale pale, umemaliza. Shilingi chache tu.

#10 Mtambo wa Zamani

Mita Mkononi, kutorudisha kibomba nakuunga mkono mia kwa mia. Lakini CR2032 huwezi kuiweka moja kwa moja. Betri ya zamani ilikuwa ya kuchajiwa, kwa hiyo mazabodi inasukuma umeme kuelekea kwake kila ukiwasha. CR2032 haichajiwi. Ukiichaji inavimba, inavuja, inaweza kupasuka. Lazima uweke dayodi katikati, umeme utoke kwenye betri uende kwenye mazabodi na usirudi. Ule mstari wa kwenye dayodi uelekee mazabodi, upande wa chanya.

Na dayodi ya kawaida kama 1N4148 inakula volti 0.6 hivi. Tatu ukitoa hizo, unabaki na 2.4. Mashine nyingine zinaridhika, nyingine zinasahau saa. Ukipata ya aina ya Schottky, mfano 1N5817, inakula kama 0.3 au pungufu.

Ila dada, kabla ya yote, angalia jirani na betri ilipokuwa. Mazabodi nyingi za enzi hiyo zina pini nne zimesimama mstari mmoja kwa ajili ya betri ya nje. Kwa kawaida ya kwanza ni chanya na ya nne ni hasi. Kama unazo, nunua kishikio cha betri tatu za AA, za kawaida za dukani, unapata volti 4.5, chomeka hapo.

#11 Mita Mkononi

Sawa mkuu, hapo kwenye dayodi nilikuwa sipajui. Lakini AA nazo si zinavuja? Tochi ngapi zimeoza kwa AA.

#12 Mtambo wa Zamani

Zinavuja, na zile za alkalaini zinavuja dawa ileile, haidroksaidi ya potasiamu. Ndiyo maana haziwekwi juu ya mazabodi. Zikae mwisho wa waya, chini kabisa ya kasha au nje nyuma yake, ndani ya mfuko wa nailoni. Zikivuja zitakula kishikio tu. Na zibadilishwe kila mwaka hata kama bado zina nguvu.

Kuna wanaoweka kapasita kubwa ya farad 1 badala ya betri. Haivuji kwa namna hii, lakini inashika siku au wiki kadhaa tu, basi. Kwa mashine inayowashwa kila siku inafaa. Kwa ya mjomba, hapana.

#13 Binti Mikindani

MREJESHO. Nimechukua siku tatu, naandika kwa kirefu kwa sababu nilipotafuta kwa Kiswahili sikupata mtu aliyeeleza.

Kwanza nilipiga picha kila plagi kabla ya kuichomoa, nikatoa mazabodi nje ya kasha, nikailaza juu ya gazeti mezani kwa mama. Siki kwa pamba ya masikio. Ilipogusa ule unga ilichemka kama eno, na ikatoka harufu ya kama chuma kilicholowa. Pamba ya kwanza ikawa ya kijani palepale, ya pili, ya tatu. Nilitumia kama thelathini. Mwisho povu likaisha, nikasugua taratibu kwa mswaki laini kuelekea nje, si kuzunguka, ili nisisambaze. Halafu maji ya betri (asante Kaka wa Chuno, dukani kweli walinitolea asidi kwanza), halafu spiriti. Nikaiweka mbele ya feni siku nzima na usiku wake, maana hewa ya huku na huu upepo wa kusi hakuna kinachokauka chenyewe.

Ilipokauka ndipo nikaona ukubwa wa jambo. Chini ya betri njia tano za shaba zimekuwa nyeusi. Nilichukua wembe nikakwangua moja pole pole, rangi ya kijani ikatoka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa, na chini yake sikuona shaba nyekundu, niliona weusi, kisha pengo la kama punje ya mchele. Njia imekatika kabisa. Nikakwangua huku na huku mpaka pakang'aa rangi ya shaba pande zote mbili.

Hapa ndipo nilipokwama. Risasi ya kulehemia haishiki. Naweka pasi ya kulehemia, inayeyuka, inajikunja kama tone la maji juu ya jani la mgomba, inadondoka. Nifanyeje?

#14 Mtambo wa Zamani

Kazi safi sana dada. Nimeisoma mara mbili.

Risasi haishiki kwa sababu shaba bado ina weusi usiouona au mabaki ya potashi. Rudia siki hapo tu, suuza, kwangua mpaka iwe nyekundu inayong'aa, paka fluksi (dawa ya kusaidia risasi kushika), halafu weka risasi mpya kidogo kila upande kabla ya kuleta waya. Waya chukua uzi mmoja tu kutoka ndani ya waya laini wa umeme, ule wenye nyuzi nyingi. Mwembamba kama unywele nene. Ulaze kufuata njia ya zamani, si kukatiza juu ya nyingine.

Kila ukimaliza njia moja, weka mita ya umeme kwenye mlio, gusa mwanzo wa njia na mwisho wake. Isipolia, hujamaliza. Kisha gusa njia ya jirani: hapo isilie.

Usiziamini kwa macho hata zile ambazo hazijakatika. Zipime zote tano, na zile zinazopita chini ya ile chipu iliyoguswa.

#15 Binti Mikindani

Mrejesho wa pili. Tatu zilikuwa zimekatika, si moja. Nyingine ilikuwa inaonekana nzima kabisa kwa macho, mita ikakataa. Zote tatu sasa zinalia.

Ile chipu ya jirani ilikuwa kwenye soketi, nikaichomoa kwa kuinyanyua kidogo upande huu, kidogo upande ule. Miguu miwili ina kijani. Nimeisafisha kwa siki na mswaki, na soketi yake pia. Nahisi ni ya kibodi, imeandikwa 8042.

Pini nne za betri ya nje zipo! Na kuna jampa (kile kikofia kidogo cha kuunganisha pini) pembeni yake. Nafanyaje na jampa? Na naogopa kuunganisha umeme, zile plagi mbili za pawasaplai zinafanana.

#16 Mtambo wa Zamani

8042 ndiyo mdhibiti wa kibodi, na huwa wa kwanza kuumia kwa sababu betri waliiweka jirani yake.

Plagi mbili za umeme: nyaya nyeusi za kila plagi zikutane katikati. Ukizigeuza unaunguza mazabodi kwa sekunde moja, na hakuna siki ya kulirekebisha hilo. Itazame mara tatu.

Usiweke AA kwanza. Washa bila betri yoyote, weka mita ya DC pale ilipokuwa betri ya zamani. Ukiona volti 4 au zaidi, huo ndio umeme wa kuchaji. Halafu pima kwenye pini ya 1 na ya 4. Kama ni sifuri, mazabodi yako ina dayodi yake upande wa betri ya nje, uko salama kuweka AA. Kama na hapo kuna umeme, unaweka dayodi kwenye waya. Jampa, kwenye mazabodi nyingi, ina nafasi mbili: betri ya ndani au ya nje. Tazama maandishi madogo pembeni yake.

#17 Binti Mikindani

Wakuu, IMEWAKA.

Nimepima: pale pa zamani 4.3, kwenye pini za nje sifuri. Nikaweka AA tatu, waya mrefu, kishikio ndani ya nailoni chini ya kasha. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni. Ilipohesabu kumbukumbu kwa ule mlio wa tik tik tik akasema, "Huyo ndiye."

Lakini imesimama. Inasema betri ya CMOS (ile chipu ya saa na mipangilio) imeisha, inataka nibonyeze F1, na hapohapo inasema kibodi ina hitilafu. F1 haifanyi kitu. Kibodi ni ileile ya zamani, plagi kubwa ya duara.

#18 Mita Mkononi

Hongera sana dada! Hilo la betri usijali, inasema hivyo kwa sababu chipu bado tupu, itaacha ukishaweka mipangilio.

Kibodi: mashine ikiwa imewaka, ingiza ncha za mita kwenye tundu la kibodi, la 4 na la 5. La 4 ni hasi, la 5 linatakiwa kuwa na volti 5. Usipoona kitu, kuna fyuzi ndogo karibu na tundu hilo, au njia nyingine imekatika.

#19 Binti Mikindani

Mita Mkononi, Mungu akubariki. Ilikuwa sifuri. Fyuzi nzima, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umeota kijani chini, mahali ambapo huoni mpaka ulaze mazabodi na uimulike kwa tochi ya simu. Nimeusafisha na kuulehemu upya. Volti 5 imerudi, kibodi inafanya kazi, taa zake tatu zimewaka.

Nimeingia kwenye mipangilio. Kwenye diski nimechagua aina ya 47, ile ya kujiandikia mwenyewe. Mjomba akanitajia namba bila kutazama karatasi. Elfu moja na moja, kumi na tano, kumi na saba. Mikono imezikumbuka kabla ya kichwa. Nikaweka tarehe ya leo na saa, nikahifadhi.

Diski ilivuma, ikagonga mara mbili, nikashika roho. Halafu C:\> ikatokea, yaani diski imesomeka.

#20 Mama wa Ndoro

Alhamdulillahi. Nisalimie mjomba.

#21 Mtambo wa Zamani

Hongera sana. Sasa usicheze nayo. Diski ya umri huo usiipe kazi nyingine, nakili kwanza.

Usifikirie kuitoa na kuichomeka kwenye laptop kwa adapta ya USB. Adapta nyingi zinadai diski inayotumia LBA (kuhesabu sekta kwa namba moja mfululizo badala ya silinda na vichwa), na nyingi za zamani hizi hazina. Njia ya uhakika ni disketi. Za 3.5 zinasomeka hata leo ukipata kisoma disketi cha USB. Hizo faili ni za aina gani?

#22 Binti Mikindani

Ni WK1 zote.

#23 Mtambo wa Zamani

Hizo ni za Lotus 1-2-3. LibreOffice inazifungua bila shida.

#24 Kaka wa Chuno

Dada, kisoma disketi cha USB ninacho, nilibaki nacho tangu enzi za steshenari yangu. Nakuja nacho Jumamosi, Chuno na Mikindani si mbali. Sitaki hela. Nataka tu kumuona huyo mzee na mashine yake.

#25 Binti Mikindani

Mrejesho wa mwisho. Kaka wa Chuno alikuja kweli, amekula wali na pweza kwa mama, asante sana.

Disketi kumi za mjomba, saba zilikuwa na ukungu ukizimulika, hatukuziingiza, zingechafua kichwa cha kusomea. Tatu nzima. Zimetosha, faili zote ni ndogo. Sasa ziko kwenye laptop, kwenye simu yangu, na kwenye simu ya binamu aliye Masasi.

Kuna jambo moja tumelikuta ambalo sikulitarajia. Ukiorodhesha faili, za mwanzo zina tarehe zake vizuri, 1993, 1994, mpaka Novemba 2000. Baada ya hapo kuna faili kumi na moja, zote zimeandikwa 01-01-80. Ndipo nikaelewa. Betri ilikufa hapo. Mjomba aliendelea kuingiza namba za diski kila asubuhi ili mashine iamke, lakini tarehe hakuigusa, kwa hiyo kwa kompyuta kila siku ilikuwa ni mwaka mpya wa 1980. Misimu ya mwisho yote imechanganyika, haijulikani upi ni upi.

Jana jioni tumekaa naye barazani. Nafungua faili, namsomea kilo za mstari wa kwanza, yeye anafumba macho. "Mti wa saba kilo ngapi?" Nasema, mbili. "Hiyo ndiyo mvua iliponyesha kwenye maua. Andika elfu mbili na mbili." Faili ya pili: "Mstari wa nne upo?" Haupo. "Basi ni baada ya moto." Tumefika faili ya sita, akachoka. Leo tunaendelea na tano zilizobaki.